Itajua lini?

Muuguzi alikuwa na simu mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika kipimajoto chetu, kidude cheupe kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kikiwa wazi mgongoni. Betri yake, ile ya duara kama sarafu, alikuwa ameichomoa na kuibana kwa vidole viwili. Kwenye simu, programu niliyoiandika mimi mwenyewe ilikuwa imetulia na rangi yake ya kijani: *Imeunganishwa. Nyuzi 4.6.*

"Fundi," akasema, "betri si hii hapa?"

"Naiona, dada. Ngoja kidogo, itajua."

"Itajua lini?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Nilikuwa nimefika kumi na nane pale neno lilipogeuka: *Imekatika.* Yeye hakusema kitu. Alininyooshea tu simu, akagusa kwa ukucha ile 4.6, ambayo bado ilikuwa palepale, kubwa, nyeusi, wala haina habari.

Kipimajoto kile hukaa ndani ya friji ya chanjo, na chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Sekunde kumi na nane haziharibu kitu. Lakini 4.6 ingeweza kukaa pale hadi Jumatatu.

Nimetengeneza programu za kuunganisha simu na vifaa visivyotumia waya kwa miaka kadhaa sasa: vipimajoto, mizani, kufuli, spika. Ningependa kusema kosa lile lilikuwa la uchanga. Halikuwa. Lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake, ila hajawahi kujiuliza neno alilolibandika kwenye skrini linadai nini.

Waya ukiuchomeka umeuchomeka. Unauona, unaugusa, mtu akiukanyaga unamfokea. Redio haina hali hiyo. Katika Bluetooth ile inayokula umeme kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, muunganisho ni miadi tu. Simu na kifaa vinakubaliana kukutana kila baada ya muda fulani, kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4. Muda ukifika simu inaita, kifaa kinaitika, kila kimoja kinazima redio yake na kulala mpaka miadi ijayo. Kifaa kinaweza hata kupewa ruhusa ya kutoitika mara kadhaa mfululizo kama hakina jipya la kusema, ili betri idumu. Katikati ya miadi na miadi hakuna kitu kabisa. Ni kama watu wawili waliolala vyumba tofauti, kila mmoja akiamini mwenzake ataamka.

Na mmoja akifa usingizini? Kwa ajili hiyo kuna muda wa mwisho wa kungoja, unaoruhusiwa kuwa popote kati ya milisekunde 100 na sekunde 32. Ukipita bila mtu kuitika, simu inatangaza kwamba muunganisho umekatika. Sisi tuliuweka sekunde 20. (Mbili zilikuwa zimekwenda kabla sijaanza kuhesabu.) Na tulikuwa na sababu: friji ina bati, bati huzuia redio, na muda mfupi ulifanya kifaa kikatike na kuungana upya kila mtu alipofunga mlango. Tukaupandisha, malalamiko ya kukatika-katika yakaisha, tukapongezana. Kumbe tulikuwa tumeinunulia skrini utulivu wake kwa sekunde ishirini za uongo.

Kiswahili chenyewe kingenisaidia kama ningekisikiliza. Ile *-me-* ya "imeunganishwa" ni ya jambo lililotendeka na hali yake bado ipo: mlango umefungwa, chai imemwagika, mgeni amefika. Ukiitamka unadai kitu kuhusu sasa hivi. Simu haina habari za sasa hivi. Inachokijua ni cha *-li-*: kiliitika, sekunde tatu zilizopita. Tofauti ya silabi moja, na ndani ya silabi hiyo kuna friji nzima ya chanjo.

Jioni nikafungua msimbo wa programu. Nilitegemea kukuta tatizo kwenye skrini, nikalikuta chini zaidi. Kuna tabaka nililokuwa nimeliandika ili wenzangu wa upande wa skrini wasisumbuke na mambo ya redio. Lilikuwa na kazi tatu tu, `tafuta()`, `unganisha()` na `soma()`, na nililionea fahari kwa wepesi wake. `unganisha()` ilirudisha kweli au si kweli. `soma()` ilirudisha namba. 4.6. Namba tupu, isiyosema ilisikika lini. Aliyeandika skrini alipewa 4.6 akaandika 4.6, angeandika nini kingine? Tukitaja kiolesura watu huwaza vitufe na rangi, lakini hata kile ambacho kipande kimoja cha programu hukionyesha kwa kipande kingine ni kiolesura, na jambo likishafichwa huko chini hakuna rangi itakayolifichua juu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwepo. Kifaa kilikuwa kinatuma kipimo kila sekunde 2. Betri ilipotoka, vipimo vilikoma papo hapo. Programu ilikosa kimoja, cha pili, cha tatu, ikakosa tisa, na haikuona ajabu, kwa sababu hakuna mahali nilipoiambia kwamba ukimya nao ni habari.

Basi nikaivunja `soma()`. Siku hizi inarudisha kipimo pamoja na saa kiliposikika, vikiwa vimefungwa pamoja, na hakuna njia ya kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mwenzangu alinuna. "Mimi nataka namba, wewe unanipa furushi." Ndiyo, furushi, ukilibeba utalazimika kufikiria la kufanya na kile kilichomo. `unganisha()` nayo nikaiondolea kweli na si kweli. Sasa inasimulia jinsi mambo yanavyokwenda: *nimekisikia, nakiita, kimeitika, nasoma, kimenyamaza.* Maneno hayohayo yakapanda hadi kwenye skrini na kukiondoa kile kiduara kinachozunguka, ambacho huzunguka vilevile iwe kazi inaendelea au imekufa.

Hilo la mwisho, *kimenyamaza*, ndilo lililonichukua siku nyingi kulipata. Linakaa kati ya kuitika na kukatika: vipimo vitatu havikufika, muda wa mwisho wa kungoja bado, na hatujui kulikoni. Huenda mlango umefungwa, huenda betri imekwisha. Kabla ya hapo programu yetu haikuwa na neno la kutojua, kwa hiyo ilikuwa inajua kila wakati.

Nikashuka hadi kwenye ukurasa wa kuchagua kifaa, na huko nako mambo hayakuwa safi. Kitufe kiliandikwa *Tafuta*, na picha ya darubini ndogo. Simu haitafuti chochote, inasikiliza. Kifaa ambacho hakijashikwa na mtu huwa kinajinadi kama mchuuzi: pakiti fupi, baiti 31 za maneno, kwenye chaneli tatu, namba 37, 38 na 39, zilizopangwa zisigongane na chaneli 1, 6 na 11 ambazo Wi-Fi hupenda kuzikalia kwenye masafa hayohayo ya gigahezi 2.4. Kinaweza kujinadi kila milisekunde 20, au kila sekunde 10.24, au popote katikati. Anayeamua ni mtengenezaji, na anaamua akiitazama betri. Simu nayo haitegi sikio mfululizo. Hutega, hupumzika, hutega tena. Kwa hiyo kifaa kilicho sentimita kumi kutoka kwenye simu kinaweza kupita sekunde kadhaa bila kusikika, na hakuna kilichoharibika.

Mtumiaji haambiwi hayo. Anaona orodha tupu, anabonyeza Tafuta. Bado tupu, anabonyeza tena, na tena. Kwenye Android kuanzia toleo la 7, programu ikianzisha usikilizaji zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 30 inanyimwa matokeo kwa muda, kimyakimya. Haraka haraka haina baraka, na safari hii methali imeandikwa ndani ya mfumo wa simu. Tulichofanya ni kukinyima kitufe nguvu ya kuanza upya: ukikibonyeza tena, kinarefusha tu usikilizaji uleule, na maandishi yanasema *Nasikiliza, sekunde ya 6*. Watu waliacha kukipiga-piga. Nadhani mtu akiona saa inatembea huamini kuna anayefanya kazi.

Halafu kulikuwa na ugonjwa wa orodha kuruka. Tulikuwa tumepanga vifaa kwa nguvu ya mawimbi, chenye sauti kubwa juu. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Nguvu hiyo hupimwa kwa namba hasi: -45 ni jirani, -90 ni mnong'ono, na kuugeuza tu mkono wenye simu kunaweza kuipandisha au kuishusha namba kumi nzima, maana mwili wa binadamu ni maji na maji hunywa mawimbi ya masafa haya. Orodha ikawa inajipanga upya kila sekunde. Unalenga kifaa cha pili, dole gumba linashuka, wakati linatua cha pili kimekuwa cha tatu. Nilimwona mtu mzima akiinyatia simu kama anayetaka kumshika panzi. Sasa vifaa vinakaa kwa zamu vilivyosikika, kipya kinaingia chini, na hakuna anayeruka foleni. Vile vijistari vitano vya mawimbi nimevifuta. Yamebaki maneno mawili, *karibu* na *mbali*, na hata hilo la karibu nimeliacha shingo upande.

Hata orodha ikitulia, utajuaje kipi ni kipi? Vifaa vyetu vitano vilikuwa na jina moja la kiwandani na herufi nne nyuma yake, A3F0 na wenzake, zilizochapwa kwenye kibandiko kilichogeukia ukuta wa friji. Tulijadili kuwaomba watumiaji wavipe majina. Tulijadili picha. Mwishowe tukafanya hivi: ukigusa jina kwenye orodha, simu inakiunga kifaa kwa muda mfupi na taa yake inawaka mara tatu. Mwalimu anaita jina, mwanafunzi ananyoosha mkono. Kati ya yote niliyowahi kubuni, hiki ndicho ninachoshukuriwa zaidi, na kilinichukua saa mbili.

Kuna kisa kimoja ambacho taa haikukisaidia. Wauguzi wawili, simu mbili, kifaa kimoja. Wa kwanza anakiona vizuri. Wa pili, aliyesimama palepale, hakipati kwenye orodha. Vifaa vingi vidogo vikishashikwa na simu moja huacha kujinadi, basi kwa wengine wote vinatoweka. Programu ya yule wa pili haina njia ya kujua hilo, inasikia ukimya tu. Ila inakumbuka, kwa hiyo tukaiandikia sentensi ya anayekisia na kukiri kwamba anakisia: *Kilisikika hapa dakika 2 zilizopita. Huenda simu nyingine imekishika.* Mara nyingi hugonga ndipo. Anageuka, anamuuliza mwenzake, yamekwisha.

Sasa ndoa. Simu iliyowekwa Kiswahili haisemi "unganisha" tu, inasema pia *oanisha*, na kila ninapolisoma neno hilo nacheka kidogo. Najua kuoanisha ni kupatanisha vitu viendane, lakini *oana* imo ndani yake, na mfano unafaa kuliko waliolichagua walivyokusudia pengine. Kuunganisha ni kuonana, hutokea mara mia kwa siku. Kuoanisha ni kuoana: mnakutana mara moja, mnakubaliana siri, kila mmoja anaihifadhi kwake, na kuanzia hapo mkionana mnatambuana bila kuulizana. Tangu mwaka 2007, toleo la 2.1 lilipoachana na ile desturi ya kuandika 0000, kuna njia kadhaa za kukubaliana: kulinganisha tarakimu sita kwenye skrini mbili, kuandika tarakimu sita zilizo upande mmoja, na kwa vifaa visivyo na skrini wala vitufe, kukubali tu bila ushahidi. Kipimajoto chetu ni cha kundi hilo la mwisho. Ndoa isiyo na mashahidi: mtu aliyejipenyeza katikati wakati ule ule hatagundulika.

Matatizo huja kwenye talaka. Mtumiaji anaingia kwenye mipangilio ya simu, anabonyeza *Sahau kifaa*. Simu inasahau. Kifaa hakina habari. Siri bado imo kwenye kumbukumbu yake, na kwa upande wake ndoa ingali hai. Au kinyume chake: kifaa kimefutwa upya, simu bado inajiona mume halali. Siku wakikutana, mmoja anatumia siri ambayo mwenzake hana, mazungumzo yanavunjika, na kinachofika kwenye programu ni namba. Anayeandikia Android anaijua 133, msamiati mzima wa huzuni ndani ya tarakimu tatu: yaweza kuwa ndoa ya upande mmoja, kifaa kilichokwenda mbali, au redio ya simu iliyochoka. Tulikuwa tunaimwaga hivyohivyo kwenye skrini: *Hitilafu 133.* Sasa programu inaangalia kilichotangulia. Kama kifaa kilisikika vizuri kisha mazungumzo yakavunjika mara mbili wakati wa kutambuana, inasema: *Simu na kifaa havitambuani tena. Visahaulishe pande zote mbili, uanze upya,* na mchoro wa kitundu cha kubonyeza kwa pini. Kwenye iPhone programu yetu haina mlango wa kuivunja ndoa hiyo. Inabidi mtumiaji aende mwenyewe kwenye mipangilio, nasi tunabaki kumwelekeza kama jirani asiyeruhusiwa kuingia ndani.

Jina Bluetooth, kwa walio na hamu, ni lakabu ya mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu. Jim Kardach wa Intel alilipendekeza mwaka 1997 liwe la muda tu, mpaka lipatikane la kibiashara. Muda huo haujaisha.

La ruhusa nitalipitia haraka kwa sababu linanikera. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015 hadi toleo la 11, programu ilihitaji ruhusa ya *mahali* ili isikilize vifaa, maana anayejua vifaa vilivyo jirani yako anaweza kukisia uko wapi. Hoja ni halali. Lakini huduma ya mahali ikiwa imezimwa, usikilizaji ulirudisha orodha tupu bila kulalamika, nasi tulilaumiwa kwa miaka. Toleo la 12, mwaka 2021, lilileta ruhusa za vifaa vya jirani peke yake. Kwa simu za zamani bado tunaandika sentensi moja kabla ya kuomba, inayosema tunachokitaka na tusichokitaka, na hatuombi mpaka mtu abonyeze kitufe kinachoihitaji.

Miezi mingi baada ya siku ile ya betri nikarudi kwenye swali la muuguzi na kugundua nimelijibu nusu. Nilikuwa nimefundisha programu kusema ukweli kuhusu muunganisho. Sikuwa nimeuliza muunganisho ni wa nini. Joto ni baiti 2. Betri, baiti 1. Kifaa kinapojinadi kina nafasi ya 31. Kwa nini kisijinadi na joto lake humohumo, kila sekunde chache, asikie atakayesikia?

Tukafanya hivyo. Baiti 4 zikawa za hesabu inayopanda kila tangazo, 8 za muhuri unaothibitisha kwamba aliyesema ni kifaa chetu na si mtu mwenye redio na utundu. Joto la friji si siri, ila joto la kughushi ni hatari. Kuunganisha kumebaki kwa kazi moja, kupakua kumbukumbu za siku zilizopita, na mtumiaji haoni. Simu mbili zinasikia kifaa kimoja bila kunyang'anyana. Talaka zimepungua kwa sababu ndoa zimepungua. Kwenye ukurasa wa mbele neno *Imeunganishwa* limeondoka, na kitufe chake kimeondoka nalo. Kuna namba, na chini yake ilisikika lini. Ikikaa, inafifia.

Nilimpelekea toleo hilo yule muuguzi. Hakusubiri maelezo. Alifungua friji, akatoa kifaa, akakigeuza, akachomoa betri, akaiweka mezani mbele yangu.

*Nyuzi 5.1, sekunde 4 zilizopita.* Sita. Tisa. Ilipofika kumi tarakimu zikaanza kupauka, kwenye ishirini zikawa kijivu, na mstari wa chini ukasema kimenyamaza.

"Hii nayo haijui," akasema.

"Haijui, dada. Lakini inasema."

Akairudisha betri, akakifumba kifaa kwenye kiganja. Sekunde mbili tatu, tarakimu zikarudi nyeusi: *Nyuzi 19.3.* Akashtuka, halafu akautazama mkono wake. Akakirudisha kwenye rafu, akafunga mlango, akabaki amesimama na simu akiangalia namba ikishuka.